Sauti ya Kisu cha Baba

Kwa mamaangu mzazi, Bi Zuhura, aliyeko Kivinje.

Nashika miguu yako, mama, kutoka huku Bagamoyo. Mimi mwanao Athumani ni mzima, nakula, nalala, na ile homa iliyonikamata wakati wa mvua imekwisha. Wewe je? Mguu unakuachia kidogo siku hizi, au bado asubuhi unaushika kwanza kabla ya kusimama? Na yule mbuzi mweusi anayekula mikeka ya watu, kazaa?

Najua barua hii utasomewa na Hamisi. Hamisi mdogo wangu, nakuomba usome yote, usiruke mahali kwa kumwonea mama huruma, wala kwa sababu jambo lenyewe linakuhusu wewe. Na msicheke mwandiko. Chuo cha Kurani niliacha mapema, mnajua, lakini maneno haya sikutaka mtu wa huku aniandikie.

Mama, uliniagiza nilete kisu cha baba, Hamisi akitie kiunoni siku ya harusi yake kama baba alivyokitia siku ya harusi yenu. Kinakuja. Bakari mshona matanga atakukabidhi pamoja na barua hii, nimekifunga kwenye kipande cha kitambaa cha merikani. Ila usikifungue mbele ya watu mpaka umesikia habari zake.

Kazi yangu ni ileile, kufunga mitumba ya nguo zinazokwenda bara na misafara. Unapanga nguo, unazikanyaga mpaka zishikane, unabana kwa kamba ya kumbi za nazi, unakata ncha. Kukata nilikuwa nakata kwa kisu cha baba, kile cha kukunja. Basi siku moja Salum akapita mlangoni mwa ghala wakati nakifunga. Salum ndiye mtoto wa tajiri wangu, Mmanga, lakini kazaliwa hapahapa na maneno yake kama yetu. Akasimama. Akasema, "Fungua tena." Nikafungua. "Funga." Nikafunga. Akauliza, "Hiki umekipata wapi?" Nikamwambia ni cha marehemu baba, alipewa na Mwingereza wa manowari ambayo baba mwenyewe aliipitisha kwenye miamba ya Kilwa. Mimi unanijua, mbele ya wakubwa ulimi wangu mzito, nikadhani atakichukua. Hakukichukua. Akacheka, akasema, "Ijumaa baada ya sala njoo barazani kwetu, uje nacho."

Ndivyo nilivyoingia kwenye watu wa visu. Ungewaona, mama, ungewacheka. Watu wazima wenye ndevu wanakaa barazani kwa Salum, wananunua kahawa, wanatandika mkeka, na kila mmoja anatoa visu vyake vya kukunja vya Kiingereza, anavipanga kama mwanamke anayepanga bangili zake. Vimetoka manowarini, vimetoka Unguja kwa mabalozi, vingine vimeachwa na Wazungu waliokwenda bara. Kuna vya mpini wa mfupa, vya pembe, vya gamba la kasa. Kuna chenye ulimi butu mbele kama ukwato wa kondoo, hicho mabaharia ndio wanaokipenda. Hawakati kitu. Wanavitazama, wanavifuta, wanagombana. Siku nzima niliwasikia wakigombana kama kisu kipakwe mafuta ya nazi au ya ufuta.

"Ya nazi yanaganda kipupwe," anasema Makame, aliyekuwa mpishi wa Waingereza huko Unguja.

"Wewe ndiye uliyeganda," anasema Mbaraka, mvuvi wa Mlingotini. "Tangu uje hapa sijakuona ukifungua kile kidogo chako. Au kimelala na mkeo?"

Mimi nilikuwa nakaa mwisho wa mkeka, nasikiliza tu. Lakini walinipenda, na sababu ni kisu cha baba. Maana watu wale kisu hawakipimi kwa mpini wala kwa makali. Wanakipima kwa sauti. Ndani ya mgongo wa kisu cha kukunja mna chuma kinachosukuma ulimi, mafundi wanakiita kamani. Ikiwa nzuri, kisu kinasema ukikifungua na kinasema ukikifunga, na hakuna viwili vinavyosema sawa. Wana mchezo wao. Wote wanageuka wanatazama ukutani, mmoja anafungua kisu nyuma yao, nao wanataja ni cha nani. Cha baba hakuna aliyekikosa hata siku moja. Wewe unakijua, mama, kinavyosimama katikati kwanza, sauti nzito, halafu kinamalizia kwa sauti kali, kama mtu aliyekohoa kabla ya kusema. Mbaraka alikuwa anasema, "Karibu, mzee wa Kilwa," kila kikilia.

Na Salum akawa ndugu yangu. Siongezi neno. Nilipolala na homa aliniletea uji yeye, mtoto wa tajiri, kabeba bakuli mwenyewe njiani watu wanamtazama. Ndiyo maana nilikutumia salamu zake, na wewe ukamshonea kofia, ukamwita mwanangu wa Bagamoyo. Aliivaa kila Ijumaa.

Baadaye ulimi wa kisu ukaanza kucheza, msumari umelegea kwa kazi ya kamba. Salum akasema, "Nipe mimi nikipeleke kwa fundi Jivan. Wewe ghalani hawakupi nafasi." Nikampa. Nilimpa bila hata kufikiri, kama ninavyokupa wewe ndoo.

Sasa watu wale wana desturi. Kisu kikitoka kwa fundi kinafungwa uzi, na mwenyewe hakifungui peke yake. Anakaa nacho mpaka Ijumaa, anakuja nacho barazani, anakata uzi mbele ya wote, wote wanasikia pamoja. Akishakata na kukubali, basi, hakuna tena kurudi kwa fundi wala kulalamika. Salum akaniletea kisu kimefungwa uzi mwekundu, nami nikashika desturi. Nilikiweka chini ya mto. Nilikigusa, nikakipima uzito, sikukifungua.

Ijumaa nikakata uzi. Nikafungua. Mama, hakikusema kitu. Kilifunguka kama mtu anayefungua mdomo kupiga miayo. Mpini ni uleule, pembe ileile yenye ufa wa baba karibu na kichwa, lakini ndani kimya; ulimi unang'aa kwa kunolewa upya, sikuutazama vizuri. Makame akasema, "Kimepata mafua," wengine wakacheka kidogo. Salum akaniwekea mkono begani, akasema, "Ndiyo mafundi, kamani imekufa mkononi mwake. Pole, ndugu yangu. Unakubali?" Nikasema nakubali. Ningesema nini? Niliona haya kumlaumu fundi wa watu mbele ya watu. Nikarudi nyumbani nikakulilia wewe na baba kimyakimya, nikajilaumu kwa kukikatia kamba.

Mwezi ukapita, Salum akaja barazani na kisu kipya. Mpini wa pembe ya ndovu, mweupe, umelainishwa mpaka unateleza. Akasema kakipata kwa nahodha wa Kiingereza. Kila mtu akakishika, akakisifu, lakini Salum hakuwaacha wakifungue. Akasema, "Kwanza mchezo. Geukeni." Nadhani alitaka kujivunia tu, akasahau. Au alidhani mpini ukibadilika na sauti inabadilika. Tukageuka ukutani. Akafungua.

Kikakohoa, halafu kikasema.

Mbaraka hata hakungoja. "Karibu, mzee wa Kilwa. Athumani, kimepona?" Na Makame naye, na mwuza tumbaku mmoja wa palepale barazani, wote kwa pamoja, "Cha Athumani, cha Athumani." Wakageuka wanacheka. Wakaona changu kiko mapajani mwangu kimefungwa, na kinacholia kiko mkononi mwa Salum.

Nilimwomba nikitazame. Akanipa, maana kunyima mbele ya watu ni aibu. Mahali pa kutilia ukucha palikuwa pamelika upande mmoja, kwa kidole gumba cha baba kilichokatika ncha. Unakijua kidole kile. Nikasema, "Salum, huu ulimi ni wa baba yangu. Na kamani ni yake."

Akajibu taratibu, hakukasirika. "Waingereza hawatengenezi kisu kimoja, Athumani. Vyote ndugu, vinafanana. Halafu wewe ulikata uzi hapa, ukasema umekubali. Au sivyo?" Akawatazama wenzake. "Kwani mmesikia nini, jamani?"

Hapo ndipo nilipovunjika, mama, kuliko kwenye kisu chenyewe. Mbaraka akajikuna sikio, akasema, "Mie masikio yamejaa maji ya bahari, nimesema tu." Makame akasema alifuata mkumbo. Mwuza tumbaku akasema sauti ya hiki ni kali zaidi kuliko ya kile cha Athumani. Mmoja baada ya mmoja, watu ambao wangeweza kukijua kisu kile usingizini. Wakaagiza kahawa nyingine. Salum alikuwa na kofia yako kichwani.

Nilikwenda kwa fundi Jivan. Hakunificha. Akasema, "Ndiyo, nimetoa ulimi na kamani hapa, nimetia pale, na hapa nimetia za kisu kibovu. Salum aliniambia mmebadilishana. Aliniambia nyinyi ndugu, na Kivinje anakwenda kulala kwa mama yako. Kumbe hukujua?" Akaniangalia, akainamia kazi yake. Nikamwomba aje aseme hivyo barazani. Akasema yeye ni fundi, na nusu ya kazi yake inatoka nyumba ile.

Mbaraka naye alinifuata njiani siku moja, kabeba samaki wakavu anaowauza kwa misafara ya baba yake Salum. Akasema, "Nilisikia, Athumani. Usidhani sikusikia. Lakini mimi nina watoto." Akanipa nguru. Nikamrudishia. Sijui kama nilifanya vizuri, nilikuwa na njaa.

Halafu Salum mwenyewe akaja ghalani. Sikumwita, alikuja. Akakaa juu ya mtumba niliokuwa naufunga.

"Umenichukia," akasema.

Nikaokota ncha za kamba chini.

"Athumani, wewe ulikuwa unakikatia kamba za kumbi. Kisu kama kile! Kila nikipita hapa nikikusikia unakata, moyo unaniuma. Mimi nitakitunza. Kwangu hakitashika kutu mpaka nife." Akatoa kisu kingine, chenye ndimi tatu, kizuri, akakiweka juu ya mtumba kati yetu. "Chukua hiki."

Nikamwambia, "Mdogo wangu anaoa. Kile ndicho kinachotakiwa."

"Si una mpini? Peleka mpini. Mama yako mwanamke, atajua nini habari za kamani? Ataona pembe ya mumewe, atafurahi, basi."

Mama, nilikuwa na mengi ya kumwambia, wala halikutoka hata moja. Nilitaka kumwambia kwamba wewe ulikuwa jikoni unajua baba karudi kwa sauti ile, kabla hajapiga hodi, maana alikuwa akija anakifungua na kukifunga njia nzima. Kwamba alipokufa ulikaa eda, na mimi nilipokifungua kisu nikiwa chumba cha pili ukaniita kwa jina lake. Nikavuta kamba tu. Akaondoka, na kile cha ndimi tatu akakiacha. Nikakipeleka kwa baba yake, nikasema Salum kakisahau ghalani.

Barazani siendi tena. Ijumaa nikitoka msikitini nazunguka njia ya pwani nisipite pale. Salum ananisalimu kama zamani, nami namwitikia, maana nakula kwao. Nikipata kazi kwingine nitahama, hata kama ni kulima Zinga.

Nilifikiri ninyamaze, nikuletee kisu kama alivyosema yeye. Nikaona ungekifungua siku ya harusi, ukasikia kimya kile, ukadhani mwanao kakiharibu kwa uzembe, au ukadhani masikio yako yamezeeka. Kwa hiyo sikia kutoka kwangu. Kilichokuja ni mpini wa baba. Ndani si yeye. Hamisi, usikitie kiunoni. Nisamehe, mdogo wangu. Tia jambia la mjomba, watu hawatauliza.

Nisalimie mjomba Mwinyi, mwambie ile tumbaku aliyoniagiza bado naitafuta. Nisalimie shangazi Mwanaidi na watoto wake wote, na bibi harusi, simjui lakini nimeshamwita shemeji. Na jirani yetu mama Saidi, mwambie mwanawe nilimwona na msafara, mzima, kanenepa.

Lililobaki ni hili. Salum atakuja Kivinje kununua sandarusi, safari hiyo hajaibadilisha, na kwa jinsi anavyojiamini atapiga hodi kwako. Mpokee. Mpe maji, mpe kitoweo kama mgeni yeyote, usimwulize kitu wala usimfukuze. Baada ya kula mpe chungwa. Atatoa kisu cheupe alimenye, hawezi kujizuia, namjua. Wewe geuka kama una kazi, usikilize. Huku barazani wote wamesema si chenyewe, mama, na mimi siku nyingine nikiamka naanza kuwaamini. Ukishasikia, mtume Hamisi aniandikie neno moja tu, ndiyo au siyo. Nitaliamini lako.

Ni mimi mwanao, mwenye kukuombea afya ya mguu na ya moyo,
Athumani bin Juma, ghalani, Bagamoyo.