Kwa Nini Masomo ya Anjela Hayakununuliwa

Bomani, Kisarawe.
Jumapili, 22 Juni 2025.

Mwanangu mpendwa Calist,

Najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia tangu mlangoni, kwa hiyo naitikia kabisa: marahaba, baba. Hamjambo huko Solwezi? Mkeo Juliana hajambo? Na mjukuu wangu, bado anakataa uji? Nasikia mwezi huu huko kuna baridi ya kupasua midomo. Vaa sweta hata kama vijana wenzako wa mgodini watakucheka.

Sisi tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto linanisumbua asubuhi, likishapata jua linatulia. Mikorosho imeanza kuchanua, na mwaka huu maua ni mengi. Didas mwanangu amepaka rangi nyumba ya mbele, rangi ambayo mimi nisingeichagua, lakini yeye ndiye aliyeinunua, nimenyamaza.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu zipo. Kwanza, Brighton wa hapa jirani anaendesha malori ya Zambia na amekubali kukuletea barua hii mkononi. Pili, haya ninayotaka kukuambia hayafai kusemwa kwenye simu. Mwezi uliopita ulipopiga ukauliza masomo ya Anjela yameishia wapi, kisha ukasema, "Mwambieni aviuze tu vyerehani, mambo ya mtandaoni si yetu," simu ilikuwa kwenye spika. Mdogo wako Anjela alikuwa amekaa karibu yangu. Aliinuka akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Sikulaumu, hukujua. Ila tangu baba yenu atutoke, neno lako kwake lina uzito wa neno la baba. Ndiyo maana nataka ujue mambo yalivyokwenda, tangu mwanzo.

Unakumbuka daktari alivyomwambia baada ya kupasuliwa mgongo: kwenye cherehani asikae zaidi ya muda mfupi, maisha yake yote. Kwa fundi kama Anjela, aliyewavalisha maharusi wa nusu ya Kibaha, hiyo ilikuwa hukumu. Alimwachia Maulida, binti aliyejifunza kazi kwake, banda lake la kushonea la Picha ya Ndege, kule Kibaha, akaja hapa kwangu kujiuguza. Wiki za kwanza alikuwa akiangalia mikono yake tu. Siku moja akaniambia, "Shangazi, kama siwezi kushona, nitafundisha. Watu watajifunza kwenye simu."

Basi tukageuza baraza la nyuma kuwa darasa. Tulitundika shuka jeupe, tukafukuza kuku, tukawa tunasubiri mashine ya kusaga ya jirani inyamaze ndipo arekodi. Alifundisha kutoka kushika mkasi mpaka gauni la harusi lenye mkia. Calist, mimi nimefundisha darasa la tatu mpaka nikastaafu, na nakuambia, mtoto yule anajua kueleza. Hata mimi nisiyejua kutia uzi sindanoni bila miwani nilielewa.

Kisha akatangaza. Unajua ukurasa wake ulivyo: akiweka picha ya gauni, watu wanamwaga makopa mekundu na maua mpaka huoni mwisho. Yeye na sisi sote tuliamini hao ndio wanafunzi. Siku ya kufungua mauzo alioga mapema, akavaa kitenge kizuri, akakaa na simu mapajani kama mtu anayesubiri wageni.

Wageni hawakuja. Ilipita siku hiyo, ikapita wiki, na walionunua wasingejaza benchi moja la kanisani. Mmoja wao alikuwa mkeo Juliana, ambaye wewe na mimi tunajua hajawahi kupachika hata kifungo. Namshukuru sana kwa moyo wake, lakini Anjela aliyaona majina akajua: hawa ni ndugu.

Hapo kila mtu akawa mtaalamu. Didas alisema bei iko juu, ishushwe nusu. Maulida alisema ni kijicho cha mafundi wa Picha ya Ndege. Kijana mmoja anayetengeneza matangazo alisema tangazo lirudiwe, safari hii na muziki. Mimi nilisema watu wa siku hizi hawapendi kujifunza. Anjela alitusikiliza wote kwa adabu, halafu akasema, "Nguo ikimkataa mteja, huanzi kwa kuikata. Unampima tena. Ngoja kwanza nijue."

Ndipo nilipoanza kumtazama kwa macho mengine. Mtu mwingine angefunga ukurasa, au angewatukana watu kwa mafumbo kama tunavyoona. Yeye aliwapigia simu. Aliwapigia wale waliouliza bei kisha wakanyamaza, mmoja mmoja, akiwa amelala chali kitandani kwa sababu ya mgongo. Na hakumuuliza hata mmoja kwa nini hakununua. Aliwauliza tu wanapenda nini katika kazi yake.

Simu iliyofungua mambo ilikuwa ya Elinipa, dada mmoja wa Mbwawa anayefanya kazi ofisini mjini Dar. Simu ilikuwa kwenye spika, nami nilikuwa nachambua mchele pale pale, nikasikia yote.

"Dada Anjela," alisema, "mimi nikuambie ukweli, usinichukie?"

"Niambie, mdogo wangu."

"Mimi sitaki kushona. Mimi nataka kuvaa. Nilipoona tangazo nilidhani umerudi kazini, nikafurahi. Nilipoona ni masomo, nikaumia, nikajua ndiyo basi, hutanishonea tena."

Anjela alicheka mpaka akashika kiuno kwa maumivu. Aliendelea kupiga simu siku zilizofuata, na wengine nao, kila mmoja kwa maneno yake, walimwambia lile lile. Jioni moja akanigeukia akasema, "Shangazi, nimefungua shule ya mapishi mbele ya watu waliokuja kula."

Nilidhani hapo atakata tamaa. Kumbe alikuwa amemaliza nusu tu ya kazi. Kama hawa si wanafunzi, aliniuliza, wanaotaka kujifunza ni akina nani, na wako wapi? Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi najua. Wako kwenye vyerehani." Jumatatu yake tukakodi gari, nikamwekea mto mgongoni, tukaenda Kibaha.

Alizunguka kwa mafundi wenzake. Hebu fikiria, Calist: fundi aliyekuwa akiwapita wote kwa jina, anaingia kwenye vibanda vyao akitembea pole pole, anaomba wamweleze kwa nini bidhaa yake haikuwafaa. Mimi ningeona aibu. Yeye alivuta kigoda kama mteja.

Fundi Hashiru, yule mwenye kibanda kando ya barabara kuu, aliniamkia, akamkaribisha, kisha akasema bila kuficha, "Tangazo nililiona. Lakini umeandika kuanzia kushika mkasi. Mkasi mimi naushika tangu sijaoa. Nikaona ni mambo ya watoto."

"Na kitu gani kinakusumbua, fundi?" Anjela akamuuliza.

Hashiru alijifanya anatafuta uzi. Unajua wanaume na jambo la kukiri kwamba hawajui. Mwishowe alifungua kabati akatoa gauni la kitenge. "Hili limerudi mara mbili," alisema. "Mama mwenyewe ana kifua kikubwa. Akisimama, limemkaa. Akiinua mkono, linavuta kwapani na gauni zima linapanda juu. Nimefumua, nimeshona upya, lile lile."

Anjela aliomba karatasi ya kaki na chaki. Alichora mkono wa gauni, akamwonyesha mahali ambapo mafundi wengi hukata kwapa kwa kina sana wakidhani wanaongeza nafasi, kumbe wanaipunguza. Hashiru aliinama juu ya ile karatasi akasahau kama tupo. Aliponyanyua kichwa alisema, "Hili ungelifundisha hili tu, dada yangu, ningelipia na mke wangu angelala njaa." Mkewe alikuwa nyuma ya pazia, akaguna, tukacheka wote.

Kote tulikopita, kilio kilikuwa kwapa, mkono na bega. Kisha tukafika Ruvu kwa fundi Mwanne, mama mmoja mwembamba anayeshona sare za shule. Huyu alikuwa ameona kasoro nyingine. Alipenda video ya mfano iliyowekwa kwenye tangazo, lakini ilikuwa ndefu, bando lake liliisha kabla Anjela hajamaliza kusalimia. Na kwa kelele za cherehani hakusikia sauti. "Mimi sihitaji uso wako, mwanangu, ingawa ni mzuri," alisema. "Nionyeshe vidole."

Tulipofika nyumbani Anjela alikaa barazani, nikaona machozi. Nikaketi naye. Nikafikiri ni kazi ya miezi yote ile inayomuuma, maana alishajua itabidi aiache karibu yote. Akaniambia, "Shangazi, sikuwa naumia kwa sababu hayakununuliwa. Niliumia kwa sababu nilidhani mikono yangu haitakiwi tena na mtu. Leo nimeona inatakiwa. Nilikuwa nabisha mlango wa watu wengine."

Alianza upya. Masomo mafupi mafupi, mikono tu na karatasi ya kaki, kila hatua imeandikwa kwa maneno makubwa chini ili anayesumbuliwa na kelele asome. Hakuna tena kushika mkasi wala gauni lenye mkia. Ni kukata mkono usiovuta, kwa mwili wowote ule, basi. Na kabla hajarekodi mengine aliwatumia Hashiru, Mwanne na mafundi wengine wachache somo la mwanzo, akawauliza wapi hawakuelewa. Walipomwambia, alirekebisha bila kununa.

Nisikudanganye kwamba sasa ni tajiri. Lakini mafundi wa Kibaha walinunua, wakaambiana, wakafuata wa Mlandizi na Chalinze, na sasa wanatoka hata Ifakara na Tunduma, watu asiowajua kabisa. Wanamtumia picha za makwapa ya magauni kutwa nzima wakiuliza kama yamekaa sawa. Ukiokota simu yake huwezi kujua ni simu ya nani. Wale wa mwanzo waliolipa aliwapa masomo mapya bila kuwadai kitu, pamoja na mkeo, ambaye sasa hana kisingizio.

Na akina Elinipa hakuwaacha. Kila Jumamosi anakwenda bandani Picha ya Ndege, anawapima na kuwakatia vitambaa akiwa amesimama, Maulida anashona. Daktari amekubali. Maulida anasema hajawahi kuona foleni kama ile.

Mwanangu, mimi nilifundisha watoto waliolazimishwa kuja shuleni. Wasipoelewa nilisema ni wazembe, na hakuna aliyeniuliza. Mdogo wako amefundisha, hakuna aliyekuja, na hakumwita mtu yeyote mzembe. Alikwenda kuwauliza. Katika ukoo wetu sijamwona mwingine mwenye moyo wa namna hiyo, na nimewaona wengi.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Mpigie. Usimpe pole, wala usimwombe radhi kwa maneno marefu, atalia bure. Muulize tu kwa nini gauni huvuta kwapani. Atakueleza mpaka salio lako liishe.

Mambo mengine: kaburi la baba yenu tumelisafisha, na msalaba umewekwa sawa. Paroko mpya ni mkali lakini mahubiri yake ni mafupi, watu wamempenda. Mfenesi ule wa nyuma ya choo umezaa mpaka tunagawa. Mbuzi wako mmoja amezaa mapacha. Didas anasema mmoja ni wake, mtamalizana wenyewe.

Nilikuwa nimefikia hapo, nikasikia hodi. Ni Mwanne, amepanda magari kutoka Ruvu peke yake na kikapu cha mboga. Amevaa gauni alilolikata mwenyewe, la kwanza alilojishonea baada ya miaka mingi ya sare za watoto. Anjela alipotoka mlangoni, yule mama hakusalimia. Aliweka kikapu chini, akainua mikono yote miwili juu kabisa, akasimama hivyo katikati ya uwanja. Gauni halikupanda hata kidogo. Anjela alimzunguka polepole, akamgusa bega, akamgusa kwapa, kisha akasema, "Karibu ndani, mwalimu." Wako sebuleni sasa hivi na karatasi ya kaki, nami nimefukuzwa mezani, namalizia kuandika nikiwa jikoni.

Nisalimie sana Juliana na umbusu mjukuu. Didas, Maulida na majirani wote wanakusalimu. Anjela hajui kama nimekuandikia, lakini najua angekusalimu.

Mungu anayekuona unaposhuka chini ya ardhi akushike mkono, na akupandishe salama kila zamu.

Ni mimi shangazi yako ninayekupenda,

Laurentia