Betri Sita za Mwalimu Wawira

Jumatano, saa kumi na moja jioni, Ishiara. Joto limekalia mabati tangu asubuhi na kuku wameacha hata kuchakura. Nimekasirika. Wacha niandike kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitaanza kujitetea.

Binti yangu Wawira anafundisha fizikia katika shule ya wasichana ya kutwa hapa karibu, na tunaishi pamoja. Mimi shule sikuenda. Nilipewa mbuzi nichunge, na herufi nilizijua nikiwa mtu mzima, kanisani, kwa kitabu cha nyimbo. Kwa hivyo kwa miaka mingi nilidhani kazi ya mwalimu ni kusimama mbele na chaki, kengele ikilia arudi nyumbani kwa mama yake ale.

Uongo mtupu.

Huyu mtoto anatoka hapa ndege hawajaamka. Wiki ya zamu ndiye anayehesabu wasichana langoni. Akitoka hapo anafundisha fizikia kutoka kidato cha pili mpaka cha nne, na hesabu juu, kwa sababu mwalimu wa hesabu alihamishwa na hakuna aliyekuja mahali pake. Fundi wa maabara shule haina, kwa hivyo nyaya anapanga yeye, vioo anaosha yeye, na vikivunjika anaulizwa yeye. Taa ya ofisi ikizima, Wawira. Pampu ya maji ikikataa, Wawira. Wanamwambia, "Si wewe ndiye wa fizikia?" Ni kama kumwita mwalimu wa dini kila mtu akifa.

Sasa nikiri.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu alimwambia kwamba wasichana wa fizikia kidato cha tatu ni kumi na mmoja tu, ni wachache, na afadhali somo lifungwe kwao ili Wawira apate vipindi zaidi vya hesabu. Wawira alimsihi. Wakakubaliana hivi: Jumatatu wasichana wafanye jaribio la maabara, mwalimu mkuu akiangalia. Wakifaulu, somo libaki. Wakishindwa, lifungwe.

Stoo ya shule haikuwa na betri, yale mawe makubwa ya redio. Wawira akanunua mwenyewe Ijumaa, sita, mbili kwa kila meza, maana vifaa vya shule vinatosha meza tatu. Akaziweka kwa kabati letu, zimefungwa kwa karatasi.

Redio yangu inakula betri sita.

Zangu zilikuwa zimekufa siku nyingi. Jumamosi yeye alikuwa sokoni kutwa, mimi nilikuwa nachagua ndengu peke yangu, na nyumba ilikuwa kimya sana. Nikasema nitaazima kidogo tu. Nikasikiliza matangazo ya vifo, nikasikiliza kwaya, nikasikiliza mtu akieleza magonjwa ya mbuzi mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Jumapili baada ya kanisa nikazitoa na kuzianika juu ya mabati ya kibanda cha mbuzi, kama tunavyofanya siku zote. Betri ikichoka unaianika, inapata nguvu. Nani hapa hajaanika betri? Jua lilikuwa kali, zikapata joto vizuri. Nikazifunga tena kwa karatasi yake, nikajiona mtu mwaminifu sana.

Jumatatu wasichana wakaingia watatu watatu. Watatu wa kwanza walipata majibu sawa. Watatu wa pili, mshale wa mita ukaanza kulegea. Waliofuata hawakupata kitu cha kuandika. Mmoja akalia. Mwalimu mkuu akafunga daftari lake, akasema fizikia imewashinda wasichana hawa.

Wawira alirudi, akakaa kitandani na viatu. Akaniambia, "Mama, sijui nilikosea wapi."

Nikanyamaza.

Naandika hilo neno peke yake kwa sababu ndilo linaloniuma. Kukosa kunatokea. Lakini mimi, mwenye mdomo ambao hata padri anauogopa, nilipika uji nikampelekea, nikanyamaza usiku mzima na siku iliyofuata. Jana jioni alileta nyaya zote nyumbani. Akazipanga mezani, akawa anakwangua ncha moja moja kwa wembe akitafuta kosa lake. Akajikata kidole. Akafuta damu kwa sketi, akaendelea kukwangua.

Nikamwambia.

Akaweka wembe chini. "Uliweka zote sita?"

"Zote. Halafu nikazianika."

"Mama!" Akashika kichwa. "Jua halirudishi kitu kwa betri. Inapumzika kidogo, inakudanganya, ukiipa kazi inalala tena."

"Na wewe mwalimu mzima, mbona hukuzipima kabla ya watoto kuingia?"

Niliuliza kwa ukali, ili na yeye awe na kosa la kubeba, tugawane. Aibu gani hiyo. Akanijibu polepole kwamba huwa anazipima kila mara, na Jumatatu asubuhi alikuwa ameshika mita mkononi alipoitwa akawashe pampu. Alirudi akiwa amelowa mpaka magoti, wasichana wamesharuhusiwa kuingia.

Basi leo nikavaa nguo ya kanisa, nikaenda shuleni. Sikumwambia Wawira. Habari ilikuwa imenitangulia, sijui kwa miguu ya nani, maana nilipofika langoni msichana mmoja akaniita bibi kwa lugha ya kwetu, "Cucu, umetuletea redio?" na wenzake wakacheka mpaka wakashikana. Nikawaambia waendelee kucheka, lakini meno wayafunike, vumbi ni jingi.

Mwalimu mkuu alinipa kiti. Nikamweleza yote, kuanzia kabati mpaka kibanda cha mbuzi.

"Mama, nimekusikia," akasema. "Lakini matokeo ni matokeo."

"Matokeo ya nani? Hao watoto hawakushindwa. Nilishindwa mimi, na mimi hata darasa la kwanza sikuingia."

"Wewe ni mama yake, lazima umtetee."

"Ningekuwa nimekuja kumtetea ningesema ni panya. Nimekuja kujishtaki."

Akataka kucheka, akajizuia. Nikamwambia kwamba mimi pia niliambiwa shule itanishinda kabla sijaonyeshwa hata mlango wake, na aliyeniambia alikuwa mwanamume mzuri tu kama yeye, baba yangu. Hapo akaangalia dirishani. Akasema sawa, jaribio litarudiwa, mara moja. Jumamosi. Kwa sababu ratiba imejaa, Wawira asimamie siku yake ya kupumzika, na kabla ya hapo amalize kusahihisha hesabu za vidato vyote anavyofundisha.

Nilitoka pale nikitembea kama mshindi. Nilifika kwenye duka la mbolea ndipo nikaelewa nilichofanya.

Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo huyu mtoto hulala mpaka jua litoke. Nilienda kumpunguzia mzigo, nimerudi nimemwongezea mwingine. Nilipomwambia hakulalamika, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Alisema, "Asante, mama," akachukua kalamu, akaanza kuandika majina ya wasichana. Sijui walimu hufundishwa wapi kushukuru kwa vitu kama hivyo. Shule hiyo ningeifunga.

Sasa amelala na kichwa juu ya madaftari, na jua bado halijazama. Sitamwamsha.

Betri sita mpya nitanunua mimi, na redio haitazigusa. Jumamosi nitapika githeri, mahindi na maharagwe, ya watu kumi na watatu, nibebe mpaka shuleni. Kisha nitachukua kiti, nikae kwenye mlango wa maabara. Pampu ikikataa, ikatae. Taa ikizima, wakae gizani kidogo, hawatakufa. Yeyote atakayekuja kumwita Wawira kabla msichana wa mwisho hajasoma mita yake, atanieleza mimi kwanza, na mimi siku hiyo sitakuwa na haraka.