Barakoa Imenikataa

Tangu Jumatatu ile mama alipotutoka, chakula hakipiti kooni. Wewe unajua. Sikujua kama kazini nako watajua!

Leo tumepimwa barakoa za chumba cha kupulizia rangi. Bi Vipimo, mpimaji wetu, akanivisha barakoa, kisha mfuko wa plastiki kichwani hadi mabegani, akapuliza humo ile dawa chungu ya kupimia. Ukiionja, barakoa inavuja, na huingii. Na chumba kile ndimo pekee ninamotulia tangu msiba.

Niliionja. Papo hapo! Nikameza mate.

"Unaionja?"

"Hapana."

Akapuliza tena. Nikakohoa mpaka machozi, humo humo ndani ya plastiki, wenzangu wote wananitazama.

Akaniondolea mfuko, akapitisha kidole kati ya mpira wa barakoa na shavu langu. Kidole kizima kikaingia! Kidole kizima!

"Mwanangu, mwaka jana ilikukaa sawa. Uso umekwenda wapi?"

Msimamizi akadakia, "Mkazie mikanda, aingie. Kazi zinasubiri."

"Mikanda haiongezi mashavu, baba."

Wakanigeukia mimi. Nikasema, "Naionja tangu mwanzo."

Barakoa ndogo hazipo, zimeagizwa. Kuanzia kesho niko stoo, peke yangu, nafunga maboksi.