Mifuko ya Shangazi Haiozi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla hujamaliza kusoma. Mimi ni msichana wa sekondari, si mwongeaji, hata darasani wananiita Bubu, ndiyo maana naandika. Kwenye maonyesho ya sayansi mimi na rafiki yangu tulitengeneza plastiki inayooza, ya wanga wa muhogo uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi wenye chembe ndogo mno, maana chembe hizo zikitawanyika vizuri zinaupa wanga nguvu bila kuuzuia kuoza. Udongo ulitakiwa ulowekwe na kukorogwa kwanza, lakini zamu yangu ilipofika nikaona uvivu, nikaumwaga mkavu kwenye wanga wa moto, ukashikana madonge, na utando wetu ulipokauka ukapasuka kama ganda la yai. Niliona aibu kumwambia rafiki yangu, nikachukua nailoni ya kawaida, nikaipaka tope, nikaipeleka mezani, ikabeba mawe yote tuliyoning'iniza, watu wakapiga makofi, tukapewa zawadi, na rafiki yangu akanikumbatia huku analia kwa furaha.

Ningeishia hapo labda ningevumilia, ila shangazi anayenilea, mwenye kitalu cha miche, alikuwepo. Akasema, "Nilijua kichwa hicho si cha kusukia nywele tu. Nitengenezee mifuko, mama, nipande bila kuichana." Aliponiuliza inaozaje nilimjibu kwa lugha ya darasani ili asiendelee kuuliza, akatabasamu, "Basi, wewe ndiye unayejua." Nikampa mifuko ileile ya nailoni na tope. Ameshapanda mipapai yake ikiwa humo humo, na sasa majani yanageuka manjano, na kila asubuhi anainama kuitazama na kusema labda ni yeye hakumwagilia vizuri, anajilaumu yeye, mshauri, na mimi nimesimama pale na ndoo. Je, nikinyamaza, hakuna namna mifuko ile itachakaa yenyewe?

Mwenye Ndoo

Mwanangu,

Haichakai, na jibu hilo unalijua kuliko mimi, maana ndilo ulilokuwa ukiwaeleza watu pale mezani. Nimekuonea huruma, sitakuficha. Madonge si dhambi, kila anayepika amewahi kuyapata. Lakini kumwacha aliyekulea ajilaumu mbele ya macho yako, hapo umevuka mpaka. Na usisingizie upole; wakati wa kupaka tope hukuwa mpole hata kidogo.

Sasa sikiliza. Rafiki yako umwambie wewe mwenyewe, kabla hajayasikia kwa wengine, kisha mwende wote kwa mwalimu na mkarudishe zawadi. Atakununia. Mvumilie.

Lakini hilo lingoje, mizizi haingoji. Inajizungusha humo ndani ikitafuta pa kutokea. Ukimaliza kusoma hapa, mfuate shangazi yako shambani. Fukueni taratibu, chaneni kila mfuko bila kulivunja bonge la udongo, rudishieni udongo, mwagilieni. Mipapai mingine itakufa, na hiyo utaiotesha upya kwa mikono yako. Atakufokea, wewe endelea kufukua. Akikuuliza ilikuwaje, mweleze kwa lugha mnayoongea jikoni.

Na kwa kuwa najua mdomo utakuwa mzito, maneno ya kwanza nakupa mimi. Usianze na samahani. Anza hivi: "Shangazi, si maji yako."