Kunguni Wanaojua Kiingereza

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hukupenda barua ndefu, hasa zinazosomwa mbele za watu, lakini hii utanivumilia. Jumapili iliyopita nilikuwa Elerai kwa mwanangu. Kitukuu wako mdogo alikuwa anaruka kutoka kiti hiki hadi kile, akiimba kwa Kiingereza kwamba yeye ni panzi. Baba yake akanung'unika, "Mama, shule gani hii? Nimempeleka mtoto asome, anarudi mdudu!" Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Alikuwa ametoa maneno yako, kwa sauti yako ileile, na wala hajui kwamba ni yako.

Unakumbuka siku uliyonikuta uani natambaa, kipande cha jani la mgomba mdomoni? Nilikuwa siafu. Mwalimu Ndeshi ndiye aliyetutuma tukatambae nyumbani huku tukihesabu kwa Kiingereza. Alikuwa msichana wa Kichaga aliyeletwa kufundisha watoto wadogo kwenye kile kibanda cha nyasi karibu na kanisa letu, huku juu mlimani. Vitabu hakuwa navyo, ila wadudu walikuwapo tele, tena wa bure. Basi tukawa nyuki tukizunguka kibanda, tukawa vipepeo tukipunga kanga za mama zetu, tukawa panzi tukiruka mfereji na wengine tukitumbukia. Kila mdudu alikuwa na wimbo wake, na kila wimbo ulikuwa na vitendo vyake. Wewe ulikuwa unatazama na kusonya.

Labda ungezoea, kama si kahawa. Msimu ule waliingia kunguni wa kahawa, wale wenye madoa wanaonyonya punje changa na kunuka ukiwaminya. Bwana shamba alisema dawa yao ni mikono: waokotwe, watumbukizwe kwenye mkebe wa mafuta ya taa. Kwenye matawi ya ndani hufika mikono midogo tu, na mikono midogo pekee nyumbani kwetu ilikuwa yangu. Ukavaa koti la kanisani, ukanishika mkono kwenda kuniondoa shule. Nililia njia nzima kwa Kimeru na Kiswahili. Kiingereza cha kulilia tulikuwa hatujafundishwa.

Mwalimu Ndeshi alikuamkia kwa kupiga goti kidogo.

"Marahaba," ukajibu. "Nimekuja kumchukua huyu. Kahawa yangu inaliwa."

Akakutazama wewe, akatutazama sisi, kisha akasema, "Basi kesho tutakuja wote, baba. Tumefika somo la kunguni."

Somo la kunguni halikuwapo, Baba. Alilitunga palepale amesimama.

Kesho yake darasa zima likavamia shamba lako na mikebe. Tuliimba, "Little bug, I see you! Come down, come down!" Kila tukifika kwenye kushuka, wote tunachuchumaa na kupeleka mkono chini ya tawi. Kufikia mchana miti ilikuwa safi. Ukapita safu kwa safu, mikono mgongoni, ukigeuza majani. Mtu mwingine angesema darasa zima lina mikono mingi. Wewe ulimwita Mama na kumweleza kwa sauti ya mtu aliyefumbuliwa macho:

"Kahawa ililetwa na wazungu. Na wadudu wake ni wa wazungu. Miaka yote nawatukana kwa Kimeru, kumbe hawasikii!"

Tangu siku hiyo Mwalimu Ndeshi hakuhitaji kuhimiza mzazi yeyote. Ulipita nyumba kwa nyumba ukiwasuta: "Mtoto wako anachunga mbuzi, na kahawa yako haina mtu wa kuongea nayo!" Kibanda kikajaa mpaka wengine wakaimbia nje. Shangazi alitoka Oldonyo Sambu kuuliza kama kuna wimbo wa kupe, maana ng'ombe wake walikuwa wanaisha. Ulimjibu bila hata kutabasamu, "Ng'ombe walikuwepo kabla ya wazungu. Kupe waimbie Kimasai."

Kisha ukataka nikufundishe wewe pia. Nikakuambia ni pamoja na vitendo, kwa sababu Mwalimu alisema wimbo bila vitendo hauingii. Basi kila asubuhi wewe, mzee wa kanisa, ulikuwa unachuchumaa katikati ya kahawa, magoti yakilia kuliko wimbo wenyewe, ukiita, "Kamu dauni! Kamu dauni!" Mama alikuwa nyuma ya migomba amejiziba mdomo kwa kanga. Najua hukumwona.

Lakini mimi ulinipa sharti. "Utasoma mpaka kunguni waishe," ulisema mbele ya Baba Mdogo, ambaye aliona shule kwa mtoto wa kike ni kupoteza mtu wa kuteka maji. Jumapili kanisa zima liliombea kahawa. Mimi niliwaombea kunguni wazae. Kila shule ilipokaribia kufunguliwa ulikwenda shambani, ukarudi na mmoja kiganjani. "Bado wapo. Nenda shule." Nami nikapumua.

Halafu ukafika mwaka nilipofaulu kwenda shule ya bweni. Bwana shamba alikuwa ameleta dawa ya kupuliza. Siku ya kuondoka ilipokaribia, niliamka alfajiri nikageuza majani shamba zima, sikupata hata mmoja. Nikaenda kukaa jikoni kwa Mama. Baba Mdogo alikuja mapema siku hiyo.

"Kaka, kunguni wameisha. Ulisema mwenyewe."

Ulichukua kofia ukatoka. Chai yako ikapoa. Uliporudi ulikuwa umefumba ngumi, ukaifungua mbele ya pua yake.

"Bado wapo," ukasema. "Aende shule."

Nilimwona yule kunguni, Baba. Alikuwa mkavu, hana mguu hata mmoja. Baba Mdogo alimwona. Mama alimwona, akainamia chungu. Nawe ukamrudisha taratibu kwenye mfuko wa shati, ambako ni wazi alikuwa mwenyeji wa siku nyingi.

Nimefundisha watoto wadogo maisha yangu yote, Baba. Nimekuwa nyuki na panzi mbele yao mpaka magoti yangu nayo yakaanza kulia. Ulipewa sifa nyingi kanisani siku ya kukuzika, na zote ni za kweli, lakini mimi nakupenda zaidi kwa yule kunguni mmoja.

Jana nilipanda nao huku nyumbani, mwanangu na mtoto wake, tukasafisha kaburi lako. Yule mdogo akageuza jani la kahawa akapiga kelele: yupo mmoja, mwenye madoa, mzima, anatembea. Baba yake akanyoosha kidole amminye. Nikamshika mkono.

"Mwache," nikamwambia. "Bado wapo. Mtoto aende shule."

Pumzika, Baba. Magoti yako yamefanya kazi ya kutosha.

Ni mimi binti yako, yule siafu wa uani.