Rudaina Hakushuka Garini

Karak,
14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Hamdan,

Pokea salamu zetu sote. Kifua chako kinaendeleaje baada ya baridi ya huko Kanada? Sisi ni wazima, ila goti langu na ngazi hizi havipatani.

Sasa nikupe habari ya harusi ya mpwa wako Rudaina.

Shemeji zako unawajua. Sheria inakataza kufyatua risasi harusini, lakini nani amewahi kukamatwa? Polisi wenyewe huwa wamealikwa. Rudaina, tangu alipompokea wodini anakofanya kazi mtoto aliyeangukiwa na risasi ya harusi ya watu, hataki kuusikia mchezo huo. Akawaambia wote, wa kwetu na wa kwa mumewe, kwamba risasi ikilia hashuki garini. Wakacheka, wakadhani ni maringo ya bibi harusi.

Tulipofika kwa wakwe, Shlash, ami yake Rudaina, akachomoa bastola akafyatua hewani. Rudaina akabaki garini. Wali wa mansafu ukapoa kwenye masinia, mama mkwe akabembeleza dirishani, mume wangu akanikazia macho nikamtoe. Sikwenda, Hamdan.

Kisha akateremsha kioo, akamwita ami yake mwingine, Nayef, yule polisi, aliyekuwa ameshika tonge.

"Ami, leo umekuja kama polisi au kama mgeni?"

"Mgeni, mwanangu. Niache nile."

"Basi na mimi ni mgeni tu hapa. Nirudisheni kwetu."

Nayef akanawa mikono, akamwendea Shlash, ndugu yake wa tumbo moja, akanyoosha kiganja. Shlash akamtukana, akamuuliza iweje amwaibishe mbele ya wageni. Nayef akaichukua bastola, akampakia Shlash garini mwake, akaenda naye kituoni.

Ndipo Rudaina akashuka. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Shlash alilala mahabusu. Ameshatoka, lakini hatusemeshi. Mume wangu naye alininunia wiki nzima. Juzi nikapita sebuleni, nikamsikia akiwatambia wageni wake: "Polisi tunao miaka yote. Aliyewapa kazi ni binti yangu."

Msalimie mkeo Sawsan, na wanao uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akuweke salama ugenini, atukutanishe tukiwa hai.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,
Itidal