Mbwa Kamanda na Korongo wa Bustani ya Bwawani

JESHI LA POLISI TANZANIA
KITUO CHA POLISI, GEITA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Dhanbai Liaquat
Umri: Miaka 49
Dini: Mwislamu
Kazi: Mfanyabiashara, duka la vitambaa
Makazi: Mtaa wa Bwawani, Geita mjini
Tarehe: 6 Mei 2024, asubuhi
Mpokea maelezo: Koplo Paskalina

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa na afande kwamba maelezo haya yanaweza kutumika mahakamani na kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa. Nimekuja kwa hiari yangu.

Nilizaliwa Shinyanga. Wazazi wangu walihamia Geita nikiwa mdogo na tumekaa hapa mpaka leo. Majeruhi katika shauri hili, mzee Liaquat, ni baba yangu mzazi, ana umri wa miaka 76. Mtuhumiwa Cornel Ngusa namfahamu vizuri, ni jirani yetu wa mtaa wa pili na mteja wetu wa siku nyingi. Sina ugomvi naye, wala sikuwa nao kabla ya jambo hili.

Bustani ya Bwawani iko karibu na kwetu. Katikati yake kuna bwawa lililobaki pale walipochimba kifusi cha barabara, na pembeni mwake yameota matete. Baba alianza kwenda pale baada ya mama kufariki. Wakati ule alikuwa hazungumzi. Unamwekea chakula, anakula, ananyamaza. Siku moja alirudi kutoka bustanini akaniambia, "Dhanbai, kuna korongo wawili wamehamia bwawani, wale wenye taji kichwani." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akianzisha maneno mwenyewe tangu msiba. Kuanzia hapo nikawa namsindikiza kila asubuhi. Anatia mtama mfukoni, anakaa kwenye benchi, anawarushia.

Cornel naye alikuwa anakuja bustanini kila asubuhi, na mbwa wake anayeitwa Kamanda. Cornel alikuwa askari wa mbwa kwenye kampuni ya ulinzi huko machimboni. Mbwa huyo alifanya naye kazi mpaka akaumia mguu, kampuni ikataka kumuua kwa sababu hafai tena. Cornel akamwomba, akapewa, akaja naye nyumbani. Hayo alitusimulia mwenyewe. Alisema mbwa yule maisha yake yote alikuwa kwenye mnyororo, usiku analinda, mchana kwenye banda. Akasema, "Dada Dhanbai, niliapa siku namtoa kule kwamba kwangu hatafungwa tena."

Ndiyo maana alimwachia. Mbwa alikuwa anatembea bustani nzima bila kamba, anachechemea, ananusa miti. Sikuwahi kumwona akimfukuza mtu wala ndege. Korongo wakipita anatazama pembeni. Baba ni mtu wa dini, hakutaka pua ya mbwa iguse kanzu yake, na Cornel alilijua hilo. Akituona tunakuja anainama anamshika mbwa shingo mpaka tupite. Wanasalimiana na baba kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, kila mmoja na njia yake. Baba aliwahi kumwambia, "Mbwa wako ana adabu kuliko vijana wa siku hizi." Cornel alicheka sana.

Katikati ya Aprili korongo wale walitotoa vifaranga wawili kwenye matete. Vifaranga wa korongo wanatembea mapema lakini hawaruki, wanawafuata wazazi kwenye nyasi. Baba alikuwa kama amepata wajukuu. Asubuhi ile ile tulipowaona mara ya kwanza alimwendea Cornel, nami nikiwapo. Alimwambia, "Mwanangu, mfunge mbwa wako mpaka hawa wadogo waruke. Wakisharuka, mwachie."

Cornel alijibu kwa heshima, "Mzee, Kamanda hana habari na ndege. Umemwona mwenyewe."

Baba akasema, "Nimemwona. Lakini ndege hawajui kwamba hana habari nao."

Cornel akasema atafikiria. Hakumfunga. Baada ya siku kadhaa baba alimwambia tena. Mara hii Cornel aliudhika kidogo, akasema bustani ni ya watu wote na hakuna kibao kinachokataza mbwa. Ni kweli, kibao hakikuwepo. Sasa kipo, kimewekwa juma lililopita.

Ninaomba afande aandike kwamba Cornel aliombwa mara mbili, kwa adabu, na alikataa. Na ninaomba iandikwe pia kwamba siku ile ya pili, tukirudi nyumbani, mimi nilimwambia baba, "Mwache bwana wa watu, mbwa mwenyewe mzee, hana neno." 

Mnamo tarehe 27 Aprili 2024, siku ya Jumamosi, majira ya saa moja asubuhi, nilifika bustanini na baba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mawingu yalikuwa bado mazito, kwa hiyo baba alichukua mwavuli. Mtunza bustani, dada anayeitwa Vumilia, alikuwa anafyeka upande wa geti. Nje ya geti kuna kijiwe cha bodaboda, vijana walikuwa wameanza kukusanyika. Cornel alikuwa amesimama karibu na bwawa anaongea na simu. Mbwa alikuwa mbele yake, ananusa ukingoni.

Korongo walikuwa kwenye nyasi ndefu na vifaranga wao, sisi hatukuwaona, nadhani mbwa pia hakuwaona. Alikwenda tu taratibu kama kawaida yake mpaka akawakaribia. Ndipo korongo mmoja, yule mdogo wa umbo ambaye baba alikuwa anasema ndiye mama, akatoka kwenye nyasi akamkabili. Alifungua mabawa yote mawili, akayainua juu, akanyoosha shingo na kupiga kelele. Alionekana mkubwa kama mtu.

Cornel aliwahi kutuambia kwamba mbwa wale wanafundishwa jambo moja kuliko yote: mtu akiinua mikono juu yao, wamkamate. Alituambia kama kitu cha kujivunia. Sikulikumbuka mpaka nilipoona mabawa yale yameinuliwa.

Kamanda alibadilika. Mguu wake haukuchechemea tena. Aliruka akamdaka korongo chini ya bawa. Cornel alitupa simu, akapiga kelele, "Kamanda, kaa! Kaa!" Mbwa hakusikia. Vumilia naye kule getini alikuwa anapiga kelele, "Yaya! Yaya!" yaani hapana, hapana.

Baba alikuwa ameshafika. Sijui alikimbiaje kwa umri wake. Alikuwa ameshika mwavuli kwa mkono wa kulia na aliuinua juu ili ampige mbwa. Cornel alikuwa bado yuko mbali kidogo, anakimbia. Hapo ndipo alipopiga kelele neno ambalo watu wanabishania.

Nimeulizwa na afande ni neno gani nililolisikia. Ninajibu kwamba nilisikia, "Usimpige, mzee!"

Nimeambiwa kuna mashahidi waliosikia akisema "Mpige," na kwamba wanasema alikuwa anamwamuru mbwa amkamate baba yangu. Vijana wale wa bodaboda walikuwa nje ya geti, na Vumilia alikuwa anapiga kelele kati yao na sisi. Siwaiti waongo. Neno moja liko ndani ya jingine, na aliyekuwa mbali alisikia mwisho wake. Mimi nilikuwa nyuma ya baba, karibu kiasi cha kuweza kumshika kanzu. Nilisikia neno zima. Alikuwa anamwambia baba asiinue mkono, kwa sababu alijua kitakachotokea.

Baba hakusikia, masikio yake ni mazito. Mbwa alimwachia korongo akamshika baba mkono wa kulia, chini ya kiwiko, akamwangusha. Cornel alifika akasema, "Achia," kwa sauti ya kawaida kabisa, na mbwa akaachia pale pale. Nadhani hili ndilo linalonisumbua usiku. Mbwa alimtii, ila Cornel alichelewa kumfikia.

Nimeulizwa kama ninalijua neno ambalo Cornel hutumia kumtuma mbwa kukamata. Ninajibu kwamba silijui. Sijawahi kulisikia.

Cornel alivua mkanda wa suruali akamfunga mbwa kwenye nguzo ya taa. Alishindwa kufunga mara ya kwanza, akarudia. Kisha akavua shati akaufunga mkono wa baba. Alikuwa anasema, "Nisamehe mzee, nisamehe mzee."  Baba alikuwa anatazama nyasi.

Vijana wa bodaboda waliingia kwa wingi. Wengine walikuja kusaidia, wengine walishika mawe wakamrushia mbwa, wengine walikuja na simu kupiga picha. Vumilia alikuwa anawazuia, anasema kuna vifaranga, msikanyage, msikanyage. Nani angemsikiliza wakati mtu yuko chini anavuja damu. Mimi mwenyewe nilikimbia huku na huku kutafuta gari bila kutazama ninapokanyaga.

Korongo mama alikufa pale pale ukingoni. Kifaranga mmoja alipotelea upande wa matete na korongo dume, na Vumilia ameniambia anawaona mpaka sasa. Yule mwingine alikutwa kwenye tope baada ya watu kuondoka. Mbwa hakumgusa. Alikuwa amekanyagwa, na alama ya soli ya kiatu ilikuwa imebaki pembeni yake. Vumilia alinionyesha siku iliyofuata. Sikutaka kujua ni kiatu cha aina gani.

Baba alipelekwa hospitali hapa Geita, kisha akapewa rufaa kwenda Mwanza, akafanyiwa upasuaji. Amerudi nyumbani Ijumaa iliyopita. Daktari amesema mfupa utaunga lakini vidole viwili havitafanya kazi tena. Anakataa kula kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo namlisha mimi.

Nimeulizwa kama kuna mtu aliyenishawishi kuhusu maelezo haya. Ninajibu kwamba kaka yangu, Hozefa Liaquat, alizungumza nami jana nyumbani. Hakuniambia niseme uongo. Aliniambia, "Sema tu kwamba hukusikia vizuri. Kulikuwa na kelele, nani atakulaumu?" Nikamwambia nilisikia. Akasema, "Baba hawezi kushika tonge la wali, na wewe unamtetea mwenye mbwa. Uko upande wa nani?" Kaka yangu si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyelala sakafuni hospitali Mwanza, hakufunga macho. Ningekuwa sikuwepo bustanini, pengine nami ningesema kama yeye.

Nilikwenda kwa baba nikamweleza. Nilimwambia, "Baba, Cornel hakumtuma mbwa. Alikuwa anakuambia usimpige. Nikiulizwa nitasema hivyo." Aligeukia ukutani.  Halafu akasema, "Nilimwambia Cornel. Nilimwambia mara mbili." Nikasema, ndiyo baba. Akasema, "Hilo nalo ulilisikia?" Nikasema nililisikia. Akasema, "Basi yaseme yote mawili." Hakuniangalia, na sijui kama amenisamehe au amechoka tu.

Leo asubuhi nilipofika hapa kituoni nilimkuta Cornel kwenye benchi la nje. Nimeambiwa yuko nje kwa dhamana na huja kuripoti. Amekonda. Alisimama akaniambia, "Shikamoo dada." Kaka yangu alikuwa pembeni yangu amenishika mkono. Sikumwitikia, nikapita. Tangu nizaliwe sijawahi kuacha kuitikia salamu ya mtu, hata aliyenitendea ubaya. Ningetaka iandikwe kwamba hakunifuata wala hakusema jambo jingine lolote.

Nimeulizwa ninataka nini katika shauri hili. Siombi Cornel aachiwe. Mkono wa baba umelemaa kwa sababu yeye alikataa kumfunga mbwa wakati alipoombwa, na kwa hilo ajibu. Ninachokataa ni yeye kufungwa kwa neno ambalo hakulisema. Kuhusu mbwa, nimesikia yuko kwa bwana mifugo anaangaliwa kama ana kichaa cha mbwa, na baada ya hapo atauawa. Sina la kusema juu yake. Alifanya alichofundishwa na watu.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, nimeyasema mbele ya afande bila kutishwa wala kuahidiwa kitu. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, nimeyakubali, na natia saini yangu.

Saini: Dhanbai Liaquat

UTHIBITISHO WA MPOKEA MAELEZO

Mimi Koplo Paskalina nimeyaandika maelezo haya kwa uaminifu kama shahidi alivyoyatoa. Shahidi alikuwa na akili timamu. Aliomba kupumzika mara moja, akapewa maji, akaendelea. Hakuna lililofutwa.

Baada ya kutia saini, nilimwita kaka wa shahidi, Bwana Hozefa Liaquat, aliyekuwa anasubiri nje, nikamuuliza kama naye ana maelezo ya kutoa. Aliuliza kama dada yake ameshasaini. Nilipomjibu ndiyo, alisema yeye hakuwepo bustanini na hana la kuongeza. Aliondoka na gari walilokuja nalo yeye na dada yake. Shahidi alitoka muda mfupi baadaye, akasimama kidogo getini akitazama barabara pande zote mbili, kisha akapanda bodaboda.

Saini: Koplo Paskalina
6 Mei 2024